Dahari ya Upande wa Pili

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, kama ilivyokuwa siku iliyoitangulia na ile iliyoitangulia hiyo, maana Mtukufu alikwisha kulichukua neno kesho, akalitia kwenye sanduku lake pamoja na maneno mengine aliyoyapenda, na mji usio na kesho utakwenda wapi kama si kubaki pale pale? Watu walizoea. Mtu ukimtilia chumvi kwenye chai miaka mingi, naye huzoea. Walilala Jumanne wakaamka Jumanne, vijana wakaota ndevu Jumanne, wafu wakazikwa Jumanne, na mtu akitaka kumwahidi mwenzake jambo alisema, "Tukiamka nitakuletea," akaachia hapo. Hawakulalamika. Mimi ninayesimulia ningelalamika, lakini sikuwapo, au nilikuwapo kwa jina jingine. Tuyaache hayo.

Sasa Mtukufu alikuwa analitaka neno dahari.

Tangazo lilisomwa sokoni na Karani Vuai, mtu mwembamba mwenye sauti nzuri ambayo mwenyewe aliionea haya. Lilisema kwamba dahari ni neno kongwe, lisilofaa kuzagaa vinywani mwa watu wa kawaida. Kwamba maana yake ni wakati usio na mwisho. Na kwamba katika mji ule asiye na mwisho ni mmoja tu. Kwa hiyo kuanzia Jumanne itakayofuata, dahari litakuwa jina la Mtukufu. Mwingine yeyote akilitamka, atafutwa kwenye daftari la waliozaliwa, ahesabiwe kuwa hakuwahi kuwako. Lakini sheria ni sheria: ukoo wowote wenye madai juu ya neno hilo na ulete mtu mmoja Ukumbini, aeleze mbele ya watu lilitoka wapi na lina maana gani. Akishindwa, madai yamekwisha.

Ukoo wenye madai ulikuwa mmoja, wa wakandikaji wa nyumba za udongo, na mtu wao alikuwa Mize, mwanamke wa makamo, mabega mapana, mwenye mwendo wa kutompisha mtu njia. Alikuwa na maringo. Nasema hivyo kwa kumsifu, maana kuna watu maringo yanawakaa kama nguo waliyopimiwa, na ukiwavua wanabaki uchi.

Lazima niieleze kazi yao kwanza, kwa sababu asiyeijua kazi hataambulia kitu kwenye neno. Nguzo zikishasimama, fito zikafungwa kwa kamba nje na ndani, udongo ukapondwa kwa miguu mpaka ukalainika, wakandikaji husimama wawili, mmoja ndani ya nyumba na mmoja nje. Kila mmoja anachota bonge lake. Wanatupa kwa pamoja, mabonge yanakutana katikati ya fito, yanashikana. Ukitupa peke yako, udongo unapita unaangukia upande wa pili, na jasho lako limekwenda bure. Mwanzoni wanaonana kwenye nafasi za fito, wanataniana, wanawasema waume zao. Lakini ukuta unapanda. Unafika magotini, kiunoni, kifuani, na ukishapita macho hawaonani tena. Hapo ndipo neno linapoingia. Wa ndani, bonge mkononi, anaita, "Dahari?" Wa nje anajibu, "Dahari." Wanatupa. Ni hayo tu. Upo? Nipo.

Na kuna desturi yao nyingine iliyowatia kiburi kuliko zote. Aliye nje akichoka, akiugua, akifa, mwenzake aliye karibu huingia pale pale na kujibu kabla wito haujapoa. Anayeita hasimami, hatoki kuchungulia, haulizi ni nani. Tangu mkandikaji wa kwanza, ambaye jina lake wameshalisahau na wala hawalitafuti, haujapata kutoka wito ukakosa jibu. Wana nini kingine wale? Hawana mashamba. Nyumba walizokandika si zao, na mvua huziramba zikarudi chini. Wana jibu hilo moja, refu, linalopokewa kutoka mdomo hadi mdomo, na wakipita njiani utadhani wana milki.

Mama yake Mize, Bi Zume, alifia upande wa nje. Mize alikuwa ndani, anaita anajibiwa, anatupa, anaita anajibiwa. Alipotoka jioni alimkuta mama amelazwa kivulini, kafunikwa kanga, tope limemkaukia vidoleni. Alikuwa amekufa tangu adhuhuri. Aliyekuwa akijibu ni Kidawa, wifi yake Mize. Ni jibu lipi lililokuwa la mwisho la mama, na lipi lililokuwa la kwanza la wifi? Mize hakujua. Alimuuliza Kidawa, naye akasema hajui, alijikuta tu anajibu. Basi kwa Mize mama hakupata kufa. Mazishi aliyaona na udongo aliutia kwa mkono wake, lakini kila alipoita ukutani, katika jibu la yeyote yule, sauti ile ilikuwamo. Neno likichukuliwa, wito utakwisha, na mama atakufa kwa mara ya kwanza. Hilo ndilo alilokuwa akilipigania. Mambo ya heshima ya ukoo aliyasema mbele za watu, na ni kweli yalimuuma, lakini hili alikaa nalo moyoni.

"Wifi, waachie," Kidawa alimwambia asubuhi ya kwenda Ukumbini, akimshikia mtungi anawe uso na mikono. "Walichukua kesho, tulikufa? Tutafute neno jingine la kuitana. Tuseme tupa."

"Sema wewe tupa."

"Mimi nina watoto, Mize. Wakinifuta daftarini, wale watakuwa wamezaliwa na nani?"

Mize aliona swali ni la haki. Akajifuta uso polepole ili apate nafasi.

"Basi kaa na wanao," alisema. "Sikulaumu. Nitakwenda peke yangu."

"Na ukifika utasema nini? Sisi hatukufundishwa kueleza, wifi yangu. Tulifundishwa kutupa."

"Nitaeleza. Mdomo ninao."

Njia ya kwenda Ukumbini ni ya mawe, nayo ina tabia mbaya. Mtu hafiki kule na umri aliotoka nao. Mize alipopita lango la kwanza alikuwa na miaka hamsini. Kwenye kona ya pili ya njia akajiona kigori wa miaka kumi na mitatu, amebeba maji ya kupondea udongo, na kwa mbele anamwona mwanamke mwenye mabega mapana anakwenda haraka bila kugeuka. Alimjua. Akatamani kumwita akaogopa kumchelewesha. Kisha yeye akawa yule wa mbele, akahisi macho ya kigori mgongoni, akanyoosha shingo zaidi kwa ajili yake. Alipofika mlangoni alikuwa kikongwe ambaye hajawa bado, magoti yanauma, na walinzi walimwambia avue viatu. Akavua. Akaingia na hamsini yake.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko haja ya mtu yeyote. Kuta zake za jiwe zilichorwa majina ya maneno yaliyochukuliwa, na katikati paliachwa nafasi tupu iliyosuguliwa ikang'aa. Watu walijaa, wamekaa chini. Mtukufu alikuwa juu ya kiti chake, mtu asiye mzee wala kijana, viganja laini amevilaza magotini kama vitu vya kuazima. Chini yake walikaa wanazuoni watatu.

Wa kwanza alisema dahari limetoka ng'ambo, kwenye vitabu vya watu wa jangwani waliochoka kuhesabu mchanga wakatafuta neno la kupumzikia. Wa pili alisema hapana, ni jina la ngoma iliyopigwa siku ulimwengu ulipoanza, na mlio wake haujaisha, ila masikio yetu ndiyo yameshiba. Wa tatu alisema halikutoka popote. Lilikuwapo kabla ya vinywa, likingoja kinywa kinachostahili. Mtukufu alimtazama huyu wa tatu kwa mapenzi.

Karani Vuai akasimama na daftari lake la waliozaliwa, tangazo limebanwa ndani. "Bi Mize wa wakandikaji. Neno dahari lilitoka wapi?"

"Sijui," alisema Mize.

Watu wakacheka. Akawangoja wamalize.

"Huenda limetoka ng'ambo, kama asemavyo mzee huyu. Nyanya yangu mzaa baba naye alitoka ng'ambo, na hakuna aliyeuliza kama jiko ni lake. Lilikozaliwa sikujui. Lilikofanya kazi nakujua."

Kicheko kikakatika. Hata Karani aliinua macho kwenye daftari.

"Na maana yake?"

Mize akafungua mdomo, na hapo mambo yakamharibikia. Neno halikutoka. Ulimi ulilala chini, ukawa mzito. Alijaribu kulisema kwa taratibu, akajaribu kwa ghafla, hola. Kwa wakandikaji, mtoto akilitamka neno lile mikono mikavu alipigwa kibao cha mdomo, ili asilizoeshe uvivu. Mize alipigwa vibao vyake, na maisha yake yote hakuwahi kulisema bila tope kwenye vidole. Ndilo kosa la wale watu, na nawalaumu: walilitunza neno lao hata wasiweze kulitetea. Mtu ana hazina, ameifukia vizuri, na siku ya haja hajui pa kuchimba. Mize alisimama pale, jasho linamtoka, anatazama mikono yake iliyonawishwa na wifi yake ikawa safi kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima aliona aibu.

"Andika," Mtukufu alimwambia Karani. "Ameshindwa."

"Nileteeni udongo," alisema Mize. "Na nguzo na fito. Sheria imesema nieleze. Haikusema nieleze kwa mdomo."

Karani Vuai alilipekua daftari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ni kweli," alisema mwishowe, kwa sauti yake ile nzuri. "Haikusema."

Vikaletwa. Mize alisimamisha nguzo katikati ya Ukumbi, akafunga fito, akapandisha kanga magotini akaponda udongo kwa miguu, akiimba kwa pua. Watu waliokuja kumcheka walianza kumpa ushauri wa kiasi cha maji. Alipomaliza alisimama upande mmoja, bonge mkononi, akatazama upande wa pili. Hapakuwa na mtu. Alizungusha macho kwenye umati, uso kwa uso, na kila uso aliouangalia uliinama, maana kila mmoja alilifikiria daftari na watoto wake. Alimtafuta Kidawa, ingawa alijua hakuja.

"Peke yangu siwezi," alisema.

Mtukufu akatabasamu. "Mmesikia? Neno lao linataka watu wawili ili lisimame. Langu linanitosha mimi mmoja."

"Basi njoo usimame pale ulijibu, tulisikie likiwa la mmoja."

Watu walidhani atawaita walinzi. Lakini Mtukufu alikuwa na kiburi chake, na ningekuwa mwongo nikisema hakinivutii. Kiburi kilichompata wa kupimana naye huinuka kitini. Neno ni lake. Nani mwingine atalijibu? Akashuka ngazi, akazunguka fito, akakunja mikono ya joho, akachota udongo kwa viganja vile laini.

Bonge lake la kwanza lilipita likamwangukia Mize miguuni.

"Umetupa kabla yangu," alisema Mize. "Ukitangulia haishiki, na ukichelewa haishiki. Nitazame."

Alimtazama. Wakatupa. Mabonge yakagongana katikati ya fito, yakashikana, na sauti ile nzito ya tope kukutana na tope ikasikika mpaka nyuma ya umati. Wakachota tena. Ukuta ukafika magotini, ukafika kiunoni. Mtukufu alianza kutokwa na jasho, kitu ambacho watu wa mji ule hawakuwahi kukiona, na wengine waligeuka pembeni kwa adabu. Ukafika kifuani. Ukafika machoni, na uso wake ukapotea.

Mize akachota. Tope likamjaa katikati ya vidole, na ulimi ukafunguka wenyewe.

"Dahari?"

"Dahari," alijibu Mtukufu kwa sauti kubwa ya mtu anayetaja mali yake.

Wakatupa.

Niko ndani au niko nje? Mize alijiuliza hayo akichota, na mawazo yake yalikuja vipande vipande, kama yajavyo kwa watu wanaofanya kazi ya mikono. Nje ni wapi. Aliye nje ananiita mimi wa nje. Mama, ulisimama upande gani? Mbona mikono hii ina makovu yako? Hili la kidole gumba ulilipata kabla sijazaliwa. Dahari. Wanasema ni wakati usiokwisha. Wakati unakwisha, mama, nimeuona, unakwisha kila bonge. Bonge hili likishatupwa limekwisha. Kisichokwisha ni kuitana. Dahari. Huyu aliye kule ni nani, ni yule wa kiti, au ni wewe, au ni kigori mwenye maji. Sina haja ya kujua. Anitupie sawa na mimi basi. Sisi hatukuomba kuishi siku nyingi. Tuliomba mtu wa upande wa pili, tukapewa, na akianguka tukapewa mwingine, na hakuna mfalme aliyepata kupewa kama tulivyopewa sisi.

"Dahari?"

"Dahari." Safari hii sauti ilikuwa chini kidogo.

"Dahari?"

"Dahari." Pumzi ilikuwa nyingi kuliko neno.

Ukuta ulibakiza mikono miwili kufika juu. Mize akachota, akainua, akaita.

"Dahari?"

Kimya.

Alishika bonge lake, linamvujia mkononi. Mtu mwingine angeshangilia, maana hapo ndipo alipokuwa ameshinda. Yeye alishikwa na hofu. Kwa watu wake kimya cha upande wa pili kilikuwa na maana moja, nayo haijawahi kutokea, na sasa inatokea kwenye ukuta wake yeye. Hakumtaka afe, hata huyu. Akamhisi mama akienda, hivi hivi, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga.

"Dahari?" aliita mara ya pili, na sauti yake ilitetemeka mbele ya watu wote wala hakujali.

Waliokuwa wamekaa upande ule walisimulia baadaye walichokiona. Mtukufu mikono ilimlegea. Malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani, na bonge alilochota lilimponyoka. Aliposikia wito alifungua mdomo. Lakini neno lile alikuwa amekwisha kulisema mara kadhaa, na sasa alilijua linasema nini. Linasema nipo, nimeshika, nipo tayari kutupa. Naye hakuwa ameshika kitu. Aliufumba mdomo, akakaa chini kwenye tope, na watu wakamtazama akiwa amekaa pale, na hakuna aliyepata la kufanya.

"Dahari?" Mize aliita mara ya tatu.

Karani Vuai aliliweka daftari la waliozaliwa sakafuni, penye tope, bila kutazama lilipoangukia. Alizunguka ukuta. Akachota kwa mikono miwili, joho lake jeupe likamharibikia, na akajibu kwa ile sauti nzuri aliyokuwa akiionea haya maisha yake yote.

"Dahari."

Wakatupa kwa pamoja. Tope likagongana likashikana.

Mize hakuchungulia, na hakuuliza ni nani. Aliisikia sauti, na ndani yake alikuwamo aliyekuwamo siku zote, na machozi yalimtoka akiwa anachota, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Aliita tena akajibiwa tena. Kwenye umati mwanamke mmoja alisimama akakunja kanga yake, akaenda kukaa karibu na Karani, upande wa nje, kama mtu anayengojea. Kisha mwanamume mmoja mwenye upara naye akaenda. Kisha wakaenda watu watano kwa pamoja, wakijifanya wanakwenda kutafuta mahali pazuri pa kuonea. Hakuna aliyetangaza kitu. Nafasi tupu iliyosuguliwa kwenye ukuta wa jiwe ilibaki tupu, na hakuna aliyeitazama.

Baada ya muda Mtukufu aliinuka. Alizunguka ukuta polepole, joho limemganda miguuni, akaja upande wa Mize, akasimama nyuma yake. Mize aliendelea kutupa. Aliendelea kuita na kujibiwa kabla ya kugundua kwamba aliyesimama pale anataka kusema naye.

"Mkandikaji," alisema Mtukufu. Alikuwa akivitazama viganja vyake. "Zamu yangu itarudi lini?"

Mize alichota bonge akalipima mkononi.

"Karani akichoka," alisema. "Nenda ukae nao upande ule, ukae karibu, usije ukachelewa."

Naye akaenda akakaa.